Nilikupa Ishara ya Kuongeza

Tumpe, mimi ni kiziwi. Siku ile ya msiba Bujonde, mashine ilipopiga filimbi na lile dume la ng'ombe likakata kamba, kosa halikuwa lako. Lilikuwa langu. Nilikupa ishara ya kuongeza, halafu mbele ya watu wote nikasema nilikupa ya kupunguza. Basi, limetoka. Nimeliandika kwa kalamu, si kwa penseli, ili mkono wangu usije ukalifuta.

Ugonile, mwanangu. Najua salamu ingetangulia. Hata mimi niliyeishia darasa la nne nilifundishwa hivyo: salamu kwanza, kisha afya, kisha dhumuni la barua. Lakini niliogopa. Nikianza na salamu nitaingia kwenye mpunga, nitoke kwenye mpunga niingie kwenye mbuzi wa jirani, na karatasi zitakwisha sijasema. Wewe wanijua, maneno yangu hayajawahi kuwa machache.

Naandika mchana huu wakati umekwenda Ipyana kuaga. Kesho unavuka mpaka kwenda Karonga kwa shangazi yako, na barua hii nitaiweka katikati ya vitenge vyako, uikute huko. Ya kufua, ya kula, ya kuamka mapema na ya kutowacheka Wamalawi wanavyosema Kiswahili sitayaandika. Shangazi yako ana mdomo wa kutosha kwa hayo, alikuwa nao hata baba yako alipokuwa hai.

Ngoja nijisifu kidogo kwanza, maana nisipojisifu hutaamini kwamba ni mimi niliyeandika.

Kabla yangu, mtu wa Kyela akitaka vipaza sauti kwenye harusi alivifuata Mbeya, na mara nyingi harusi ilikwisha gari la vyombo bado limekwama kwenye tope. Biashara zilipofunguliwa, watu wakaacha kuvuka mto Songwe kwa kujificha kwenye matete kama wezi wa kuku, mimi nilikuwa mstari wa mbele. Mchele kwenda, vitenge kurudi. Wenzangu walipopata walinunua mabati, wengine cherehani. Mimi nikanunua amplifaya. Sanduku moja lenye mpini, mixa imeungana nayo, matundu sita ya maiki, vitufe vimejipanga kama meno ya mtu kijana. Na honi mbili, vile vipaza sauti vya mdomo mpana. Na betri ya gari. Yule muuzaji aliniuliza, "Mama, unamnunulia mume?" Nikamjibu, "Mume wangu yuko kaburini, na huko hawahitaji maiki." Akanionyesha waya mwekundu na waya mweusi.

Unakumbuka baiskeli yangu? Honi kushoto, honi kulia, mimi katikati, na wewe nyuma yangu na baiskeli yako, betri imefungwa kwa mpira kwenye karia. Kila tulikopita watoto walikimbia wakiimba Mama Honi, Mama Honi. Harusi za Talatala, mikutano ya injili, misiba, zote zilikuwa zetu. Vyama vingi vilipoingia ndiyo kabisa. Asubuhi chama hiki kinakitukana kile, jioni kile kinajibu, wote kwa maiki yangu ileile, mate ya huyu hayajakauka mwenzake ameishika. Nilikuwa naifuta kwa kanga nikisema moyoni, semeni wanangu, betri ninayo mimi.

Na nilikuwa nasimama chini ya honi. Hapo ndipo nataka unisikilize. Kazi haikunihitaji nisimame pale. Nilisimama kwa sababu mtu akigeuka kuona sauti inatoka wapi, nilitaka anione mimi. Miaka yote ile, mwanangu, honi juu ya kichwa changu, mkono kiunoni, nikitazamwa. Jioni masikio yalikuwa yanalia kama sufuria iliyogongwa, asubuhi yamenyamaza. Nikadhani yamepona. Hayakuwa yanapona. Yalikuwa yanakufa kidogo kidogo, kama nguo ya mtumba inavyochuja kwenye maji, kila ukifua unadhani bado ni ileile.

Ulipofika miaka kumi na mitatu nikakukalisha kwenye mixa, kwa sababu masikio yako yalikuwa ya ajabu. Nilijisifu nayo mpaka watu walichoka. Ulikuwa unasema, "Mama, waya wa maiki ya pili unataka kukatika," na mimi nabisha, na kesho yake unakatika. Ndipo nikakufundisha ile kanuni yangu, na nilikufundisha kwa ukali. Aliyekaa kwenye mixa hajui anachokipika, kwa sababu honi zimempa kisogo. Anayejua ni aliyesimama nyuma ya watu. Kwa hiyo wewe shika vitufe, mimi nitakwenda nyuma migombani, na nitakalosema kwa mkono wangu, fanya.

Lugha yetu ile tuliitunga wenyewe. Nikishika tumbo, ongeza besi. Nikishika sikio, ongeza sauti nyembamba. Nikiinua kona ya kanga, ongeza yote. Nikiishusha, punguza. Nikijitupia kanga kichwani, zima, kumeharibika. Hakuna mwingine aliyeijua. Watu walidhani Mama Honi anacheza ngoma peke yake huko nyuma. Tulicheka sana, wewe na mimi. Sikujua kwamba lugha inayojulikana kwa watu wawili tu, mmoja akisema uongo, wa pili hana shahidi.

Walioondoka kwanza ni nyenje. Unajua kelele yao mpunga ukikaribia kukomaa. Nikamuuliza Mama Lugano, tukiwa tunatwanga kwake, "Mwaka huu nyenje hawajaja?" Akaniangalia. "Gwe! Wanatutoboa masikio hapa, wewe unauliza kama wamekuja?" Nikacheka, nikamwambia nilikuwa natania. Mama Lugano ana sauti ya kiume, namsikia mpaka leo, na ndiyo maana umeniona kila siku niko kwake. Ulidhani namtafuta kwa umbea. Nilikuwa namtafuta kwa sababu ni mwanamke pekee aliyebaki kijijini ambaye akisema nasikia.

Kisha ikaondoka sauti ya kwanza ya kwaya. Naona midomo ya wasichana inafunguka na kufungika, kama watu wanaotafuna hewa. Nikasema vyombo vimechakaa. Nikasema ni kwinini, maana nilikuwa nimetoka kwenye homa na kila mtu anajua kwinini inavyoimba kichwani. Nikangoja iishe. Ikawa mwezi, ikawa mavuno, ikawa masika mengine.

Halafu ukaondoka wewe.

Sauti yako ni nyembamba, umeirithi kwa bibi yako. Siku moja ulikuwa unapepeta mchele umenipa mgongo, nikaona mabega yako yanacheka, nikajua unanisimulia jambo. Sikusikia hata neno moja. Ungo ulikuwa unapanda na kushuka, mabega yanacheka, na mimi nimesimama mlangoni kama mgeni. Nikatoka nje nikajifanya nawaita kuku. Toka siku ile nilikuwa nahakikisha unanitazama usoni, nisome midomo. Uliniambia, "Mama, siku hizi unanikodolea macho, nimefanya nini?" Nikakujibu kwa kukukaripia. Ukali ni dawa nzuri ya kuficha, mwanangu. Mtu anayekaripiwa haulizi tena.

Kwa nini sikusema? Fikiria wewe mwenyewe. Mama Honi kiziwi! Ni sawa na mpishi asiye na ulimi. Wangenicheka kutoka Kyela mjini mpaka Matema. Niliona bora waseme nimekuwa mkorofi.

Kwa hiyo nikaanza kukushikia sikio. Kila harusi, kila mkutano, nashika sikio, ongeza nyembamba, ongeza nyembamba, nikitafuta zile sauti zilizonikimbia. Na wewe uliniambia. Sitaki ufikiri nimesahau kwamba uliniambia. Tulikuwa tunatoka Talatala, ukasimamisha baiskeli mbele yangu: "Mama, leo imekuwa kali mno. Watu walikuwa wanakunja nyuso." Nikakujibu, "Tangu lini yai likamfundisha kuku?" Ukashusha macho. Ukasukuma baiskeli yako. Ulikuwa sahihi, na nilikuwa nakuona uko sahihi, maana nyuso zile nilikuwa nimeziona na mimi.

Sasa Bujonde.

Mzee Ambilikile alikuwa mtu mkubwa, na msiba wake ukawa mkubwa. Wakwe walikuja wamevuta madume kama desturi yetu ilivyo, na lile jeusi lilikuwa la mkwe wake wa mwisho, amelifunga kwenye nguzo ya banda la kakao ili kila mtu alione. Honi yetu moja iliangalia huko. Mjane, Bibi Sekela, alikuwa amekaa na kina mama kwenye mkeka karibu na mlango. Mimi nikaenda nyuma migombani, mahali pangu.

Wakati wanatoa jeneza, kwaya ikaanza. Nikasikia besi ya wanaume na juu yake hakuna kitu. Nikashika sikio. Ukatikisa kichwa. Nikashika tena. Ukaonyesha mixa kwa kidevu, ukafungua kiganja, yaani imejaa, haina pa kwenda. Hukuwahi kunibishia kazini mbele ya watu, na hasira ikanipanda. Nikainua kona ya kanga, yote, na nikapiga mguu chini. Ndipo ukaongeza. Ukaongeza kwa sababu nilikufundisha kwamba aliyekaa kwenye mixa hajui kitu.

Wanasema ile filimbi ya honi ilikuwa ya kupasua fuvu. Mimi nasimulia nilichokiona. Niliona watu wote kwa mara moja wanapeleka mikono masikioni kama wameamriwa. Waliobeba jeneza waliyumba. Wanakwaya walifumba macho. Na mimi, kwangu kulikuwa shwari, Tumpe. Kulikuwa shwari kabisa, jua linawaka, majani ya migomba yanatikisika. Nilikuwa nimesimama peke yangu mkono juu, kona ya kanga juu, bado nakuambia ongeza.

Hapo ndipo nilipojua. Si kudhani, kujua. Kabla dume halijakata kamba nilikuwa nimeshajua.

Ulizima. Ulizima wewe mwenyewe bila ishara yangu, lakini lile dume lilikuwa limeshakata kamba. Watu wazima walikimbia, watoto walinyakuliwa. Bibi Sekela hakuweza kuinuka haraka kwenye mkeka, dume likampitia. Sihitaji kukuandikia nyonga yake ilivyovunjika. Wewe ndiye uliyefika wa kwanza, ulimshika kichwa.

Halafu maneno. Yule mkwe mwenye dume alifoka mpaka mishipa ikasimama: "Nani yuko kwenye hicho chombo? Msichana? Tunazika mzee, mmempa msichana achezee vitufe!" Mwingine nyuma yake, niliyasoma maneno mdomoni mwake: "Macho yalikuwa kwa vijana wa kwaya huyo." Na mzee wa kanisa, mwenye sauti nzito kama ya ngoma ya ngozi, akanigeukia taratibu. "Mama Tumpe. Wewe ulikuwa unampa ishara gani?"

Nilikuwa na nafasi. Alingoja. Mtu angeweza kula ndizi nzima kwa muda aliongoja.

Nikasema, "Ya kupunguza. Tangu mwanzo nilimwambia apunguze."

Ukanitazama. Mtoto wa kwetu hamkanushi mama yake mbele ya wazee, hata kisu kikiwa shingoni, na nilipokuwa nasema nililijua hilo. Nililitegemea. Kati ya yote niliyokufanyia, hilo ndilo ambalo nikilala linakaa kifuani: sikuteleza ulimi. Nilipima, nikaona malezi mazuri niliyokupa mwenyewe yatanilinda.

Ukakunja waya mmoja mmoja, kiganja na kiwiko, kiganja na kiwiko, ukiipanga vizuri kama siku yoyote. Njiani ulitangulia kwenye kivuli cha mikakao, mimi nyuma. Jikoni ukanijia ukanitazama uso kwa uso. "Mama, kwa nini?" Niliyasoma kwenye midomo yako vizuri kabisa. Nikajibu, "Kula, wali unapoa."

Toka siku ile umekula wali wangu karibu mwaka mzima bila kuuliza mara ya pili.

Kwaya walikuambia upumzike kwanza. Pumziko lenyewe halijaisha. Waliokuwa wanatukodi wakaanza kufuata vyombo Tukuyu. Nilijiambia yatapita, watu husahau, mvua ikinyesha mara mbili watu husahau. Na kulikuwa na wale watoto. Tukipita barabarani wewe na mimi, watoto wanajipanga kando, wanaviringisha midomo yao, wanatutazama. Mimi nikadhani bado ni lile la zamani, Mama Honi, Mama Honi. Nikawa nawapungia mkono. Natabasamu! Nawapungia mkono kama mkuu wa wilaya! Na wewe pembeni yangu kichwa chini.

Ni Mama Lugano aliyeniambia, mwezi uliopita tu. Alinishika bega akanigeuza. "Hivi wewe mwanamke una moyo gani? Watoto wanampigia mwanao filimbi, wiii, wiii, kila siku ya Mungu, na wewe unawapungia mkono!"

Nilikaa chini palepale, kwenye maganda ya mpunga. Nikamwambia. Yeye ndiye mtu wa kwanza niliyemwambia. Akasema, "Ndaga," lile la kumpa mtu pole, na kwa sauti yake ile nene nililisikia mpaka tumboni. Kisha akasema, "Na mtoto anajua?" Nikasema hajui. Akasema, "Basi usinililie mimi."

Alinipeleka hospitali. Daktari akagonga kitu cha chuma akakiweka nyuma ya sikio langu, akaweka mbele, akaniuliza nasikia wapi. Aliandika kwenye karatasi kwa herufi kubwa, kijana mwenye adabu: HAYARUDI MAMA. Nikamwambia ahsante. Akaandika tena: YALIYOBAKI YATAPUNGUA. Nikamwambia ahsante tena. Karatasi ninayo, nimeikunja ndani ya Biblia, sijui kwa nini naitunza.

Usiku ule nilitaka kukuambia, wewe ukatangulia. Ulinikalia mbele, ukanishika mikono, ukasema polepole, kama mtu anayejua kitu au kama mtu aliyechoka, sijaelewa mpaka leo: "Mama, nataka kwenda kwa shangazi. Nikakae huko." Na mimi nikafurahi, unaweza kuamini? Kwa dakika moja nilifurahi kwamba nimesoma midomo yote bila kukosea. Kisha nikaelewa nilichokisoma.

Sikukuzuia. Sina uso wa kukuzuia.

Nitakuambia ninachokijua, na ni kichache kwa mtu aliyejisifu miaka mingi hivi. Kanuni yangu ile ilikuwa ya uongo. Aliyekaa kwenye mixa anasikia, kama ana masikio. Mtu akikusimamia mbali na kukuinulia kanga, hata awe mama yako aliyekuzaa, na masikio yako yanakuambia imejaa, usiongeze. Huko Karonga kuna makwaya mengi na vyombo vyao ni vizuri kuliko vyetu. Wakikuomba ushike, shika. Shangazi aliniandikia kwamba ulimwandikia kuwa umeapa hutagusa tena maiki hata ya kuigiza. Kiapo hicho umekiapa juu ya kosa la mtu mwingine, kwa hiyo hakikushiki. Na usisimame chini ya honi, Tumpe. Mtu yeyote akikutazama, mwache akutazame ukiwa pembeni.

Mashine iko chini ya kitanda changu, imefunikwa shuka. Betri imekauka. Sijaamua nitaifanyia nini na sina haraka, hakuna anayeuliza. Nyumba hii kesho itakuwa na mtu mmoja ambaye hata kuku akiingia jikoni hatajua mpaka amwone. Shangazi ameahidi kwamba utanipigia simu ya posta kila mwisho wa mwezi. Usihangaike, mama. Nitakishika kile chombo, nitatabasamu, karani atadhani nasikia, na wewe upande wa pili utakuwa unazungumza na ukuta. Niandikie. Andika kwa herufi kubwa, na andika hata kama ni matusi. Nitayasoma mara mbili.

Wazee wetu, kabla hawajaingia kanisani na hata baada ya kuingia, walikuwa wanasema kinyongo kikikaa kifuani kinamfanya mtu mwingine augue. Walikuwa wanakaa, wanasema lote hadharani, wanatema maji chini, ndipo wanakula pamoja. Nilikuwa nawacheka. Sasa nakuona ulivyokonda, namwona Bibi Sekela anavyojiburuza kwenye mkeka kwa mikono, siwacheki tena. Lakini nisikudanganye kwamba nina tumaini. Ukweli hauungi mfupa. Nikisema, Bibi Sekela hatainuka. Nikisema, wale watoto labda watanigeukia mimi na filimbi zao, na hiyo ingekuwa haki, ila sitazisikia. Hata adhabu yangu nitaipata nusu, nusu nyingine iliangukia kwako na umekwisha kuimaliza. Wewe utakuwa umeshavuka. Utakuwa na jina zuri mahali ambapo hupo, na hilo linafaa nini kwa msichana wa miaka ishirini?

Nilikwenda Bujonde juzi. Nilikuambia nakwenda kuangalia kakao. Nilimkuta Bibi Sekela amekaa mlangoni palepale. Nikapiga magoti, nikaanza kumwambia, akanishika mdomo kwa mkono. Ana sauti ya kizee, imekuwa nzito, nilimsikia. "Usiniambie mimi peke yangu mlangoni, kama mtu anayeleta kuku wa wizi. Ulilisema mbele ya watu. Kaliseme mbele ya watu." Nikamwuliza wapi. Akasema, "Hapa. Siku wanayomjengea kaburi mume wangu. Nitawaita mimi mwenyewe, mtu asiseme hakujua."

Amewaita. Wakwe wote, na yule wa dume. Wanakwaya na mzee wa kanisa. Watu wa Talatala na Ipyana, na wazazi waje na watoto wao, hivyo ndivyo alivyosema, na watoto wao. Ametuma mtu mpaka Karonga kwa ndugu zake, kwa hiyo hata huko kwa shangazi utasikia habari kabla hujaifungua barua hii. Wananingoja nisimame na niseme. Wewe sikuamrishi. Sina tena ishara ya kukupa. Ukija, nitakuona. Usipokuja, nitasema vilevile, jina lako na jina langu.

Siku yenyewe ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa saba, saa nne asubuhi.

Mama yako